Padre Aliyefungwa Kamba Kiunoni: Maisha ya Papa Pio XI na Swali la Kuamini Ulichokiweka Mwenyewe

Jina la Papa Pio XI si geni kwetu. Ndiye aliyeiweka Sherehe ya Kristo Mfalme mwaka 1925. Ndiye aliyetoa waraka wa Quadragesimo Anno mwaka 1931, ambao kila anayesoma mafundisho jamii ya Kanisa lazima aufungue. Ndiye aliyemtangaza Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu kuwa msimamizi wa misheni. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba kabla hajawa Papa, kabla hajawa askofu, kabla hata hajawa mkuu wa maktaba, mtu huyu alikuwa mpanda milima wa kweli. Hatusemi vilima vya kutembea jioni baada ya vipindi. Tunasema milima ya Alpi, yenye barafu na magenge, ambako padre huyu alipita akiwa amefungwa kamba kiunoni na ambako kuteleza mara moja kungetosha kumaliza kila kitu.

Katika makala haya tunapenda kuyapitia maisha yake tukiongozwa na swali moja. Ni swali la wapanda miamba, lakini tunaamini kila frateri analifahamu hata kama hajawahi kushika kamba: je, mtu hujifunzaje kuamini kile alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe?

Swali lenyewe

Wapo wapanda miamba ambao hadi leo wanafuata njia ya jadi. Hawategemei vyuma vilivyotobolewa na kukazwa mwambani na watu wengine. Anayetangulia hubeba vifaa vyake kiunoni, yaani vipande vya chuma vya ukubwa mbalimbali vilivyofungwa waya au utepe. Anapofika kwenye ufa huchagua kipande kinachofaa, hukiingiza mahali ufa unapobana kuelekea chini, hukivuta kuona kama kimeshika, kisha hupitisha kamba yake kwa pete ya chuma na kuendelea kupanda. Huko Uingereza katika miaka ya 1950 wapandaji walitumia nati za kawaida za mashine, zile zile anazozijua fundi yeyote wa gereji. Walizipitishia kamba na kuzibana kwenye nyufa. Anayefuata nyuma huviondoa vifaa kimoja kimoja, na mwamba hubaki kama ulivyokuwa.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Ukiwa mita mbili juu ya kifaa chako cha mwisho ukateleza, utashuka mita mbili hadi usawa wa kile kifaa na mbili nyingine chini yake, na zaidi kidogo kwa sababu kamba hunyumbuka. Wakati huo uzito wako wote unakwenda kwenye kipande kidogo cha chuma ulichokibana wewe mwenyewe dakika tano zilizopita. Hakuna mkaguzi aliyepita kukipiga muhuri.

Mwanafunzi wa njia hii hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kutoamini chochote. Anaweka kifaa kizuri kabisa, lakini moyoni anajiambia hakitashika. Basi anakumbatia mwamba kwa nguvu kupita kiasi, mikono inachoka, miguu inatetemeka, na mwishowe anaanguka kwa sababu ya hofu yenyewe. Hatari ya pili ni kuamini kwa sababu tu kifaa kinaonekana kizuri, au kwa sababu amechoka na anataka kiwe kizuri. Huyu anapanda kwa furaha mpaka siku mwamba utakapomkana.

Walimu wa fani hiyo wana dawa moja kwa hatari zote mbili, nayo ni kujaribu kabla ya kuhitaji. Mwanafunzi huweka vifaa akiwa bado chini, miguu ikiwa ardhini. Hufunga utepe kwenye kifaa, husimama juu yake kwa uzito wake wote na kuona kinachotokea. Hugonga jiwe kwa kiganja na kusikiliza, maana jiwe lililoachana na mwamba hutoa sauti ya uwazi. Huwafuata wazoefu kwa muda mrefu na kuondoa vifaa vyao, akijifunza kwa vidole jinsi mtu mwingine alivyofikiri. Na anapofika mahali pa kusimama na kumvuta mwenzake, hategemei kifaa kimoja. Huweka viwili au vitatu na kuvigawia mzigo.

Kwa hiyo kuamini kwao hakumaanishi kujipa moyo tu. Kunafuata kupima. Sasa tumtazame Achille Ratti.

Mtoto wa Desio

Achille Ratti alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 huko Desio, mji mdogo kaskazini mwa Milano, Italia. Baba yake, Francesco, alisimamia kiwanda cha hariri. Mama yake aliitwa Teresa Galli. Baba yake mdogo, Padre Damiano Ratti, alikuwa paroko wa Asso, karibu na ziwa Como, na likizo nyingi kijana Achille alizipitisha huko. Asso imezungukwa na milima. Haihitaji mawazo mengi kuona mapenzi yake yalianzia wapi.

Alipata daraja takatifu la upadre Roma tarehe 20 Desemba 1879, akiwa na miaka 22. Alibaki Roma akamaliza masomo kwa udaktari katika falsafa, teolojia na sheria za Kanisa. Mwaka 1882 alirudi Milano kufundisha seminarini, na mwaka 1888 akaingia katika jopo la wataalamu wa Maktaba ya Ambrosiana, maktaba maarufu iliyoanzishwa na Kardinali Federico Borromeo na kufunguliwa mwaka 1609. Mwaka huo huo wa 1888 alijiunga na tawi la Milano la chama cha wapanda milima cha Italia.

Tuangalie mpangilio huo. Hakuanza na milima mikubwa. Kwanza vilima vya utotoni, kisha milima ya Lombardia, kisha Alpi. Alikuwa na miaka 32 alipogusa mlima ulioandika jina lake katika historia ya fani hiyo. Miaka yote ya nyuma ilikuwa ya kuweka vifaa chini, miguu ikiwa ardhini.

Usiku chini ya kilele

Siku zile hapakuwa na nati wala pete za chuma mwambani. Kifaa cha mpandaji kilikuwa kamba ya katani iliyofungwa moja kwa moja kiunoni, viatu vyenye misumari, na shoka la barafu lenye mpini mrefu. Kulinda wenzako kulimaanisha kuzungusha kamba kwenye pembe ya jiwe, au kuchomeka mpini wa shoka kwenye theluji ngumu na kuukandamiza kwa uzito wako. Kila kidato kilichochongwa kwenye barafu kilikuwa ahadi kwa anayefuata, maana yeye angesimama pale pale. Na kanuni iliyojulikana na wote ilikuwa kwamba anayetangulia asianguke, kwa sababu kamba za wakati ule hazikuaminika kumdaka.

Tena watu wa kizazi hicho walikuwa na sababu ya kuiogopa kamba yenyewe. Mwaka 1865, Ratti akiwa mtoto wa miaka minane, kundi la watu saba lilifika kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Matterhorn. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, akawavuta wengine watatu, na kamba ikakatika. Wanne walikufa, mmoja wao mchungaji wa Kianglikana. Baadaye ilibainika kwamba kundi lilikuwa na kamba za aina tatu, na iliyokatika ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Kamba imara walikuwa nayo, ila pale ilipohitajika palifungwa ile dhaifu.

Tarehe 29 Julai 1889 Padre Ratti aliondoka Macugnaga, kijiji kilicho chini ya ukuta wa mashariki wa Monte Rosa. Alikuwa na padre mwenzake, Luigi Grasselli, na viongozi wawili wa milimani kutoka Courmayeur, Joseph Gadin na Alessio Proment. Ukuta huo unapanda zaidi ya mita 2,000 kwa mfululizo mmoja, na ulikuwa umepandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1872 tu. Katikati yake lipo korongo linaloteremsha maporomoko ya theluji na mawe. Linaitwa korongo la Marinelli, kwa jina la Damiano Marinelli aliyefia hapo mwaka 1881 pamoja na viongozi wake wawili. Mmoja wa viongozi hao, Ferdinand Imseng, alikuwa miongoni mwa walioupanda ukuta huo mara ya kwanza.

Njia ya kupita hapo ni kupita usiku, kabla jua halijalegeza barafu. Kundi la Ratti lilifanya hivyo. Walipumzika kidogo kibandani, wakaanza safari gizani, wakapanda mchana kutwa wa tarehe 30. Walipofika juu, karibu na kilele cha Dufour chenye mita 4,634, jioni ilikuwa imeingia na upepo ulikuwa mkali. Ndipo walipolazimika kuamua. Kushuka gizani upande wasioujua, au kubaki?

Walibaki. Walishuka hatua chache tu kuukwepa upepo, wakapata ukingo mwembamba wa jiwe usioweza hata kumlaza mtu, na hapo wakakesha usiku kucha kwenye baridi kali, wakipiga miguu chini ili isigande na wakizuiana wasisinzie. Asubuhi ya tarehe 31 walirudi kileleni, kisha wakavuka tandiko la Zumstein, njia ambayo hakuna aliyewahi kuivuka kabla yao, na kushuka kuelekea Zermatt upande wa Uswisi.

Watu wengi waliposikia habari hizo walisema mapadre wale walikuwa wamemjaribu Mungu. Ratti aliandika taarifa ndefu ya safari hiyo katika jarida la chama chake. Ndani yake alieleza hatua kwa hatua kila uamuzi, saa, hali ya theluji na sababu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba upandaji milima wa kweli hauhusiani na kuhatarisha maisha ovyo. Ni kazi ya busara, pamoja na ujasiri kidogo na nguvu za mwili. Kukesha kwenye jiwe lile kulikuwa chaguo la busara kuliko kushuka gizani. Jiwe walilijua, giza hawakulijua.

Baadaye mwaka huo huo alipanda Matterhorn. Mwaka 1890 alipanda Mont Blanc, na katika kushuka kundi lake lilifungua njia ya upande wa Italia kupitia barafu ya Dôme. Hadi leo njia hiyo ndiyo ya kawaida kwa wanaopanda kutoka Italia, na wenyeji huiita njia ya Papa.

Busara na viungo vyake

Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba neno busara limechoka. Mara nyingi tunalitumia kwa maana ya kukaa kimya au kutofanya kitu. Mtakatifu Thomas wa Akwino hakulitumia hivyo. Kwake busara ni fadhila inayoamuru tendo lifanyike, na aliitaja kuwa na viungo vyake: kumbukumbu ya yaliyopita, utayari wa kufundishwa, kuona mbele, kuzingatia mazingira, tahadhari, na vinginevyo. Ukimsoma Ratti akieleza usiku ule utavikuta vyote. Kumbukumbu ilimwambia Marinelli alikufa saa ngapi na kwa nini. Utayari wa kufundishwa ulimfanya afungwe kamba moja na Gadin na Proment, watu ambao hawakuwa na shahada yoyote kati ya zake tatu, na awasikilize. Kuona mbele kulimwanzisha safari usiku. Tahadhari ilimkesheza juu ya jiwe.

Hapa swali letu linaanza kupata jibu. Ratti aliweza kuuamini ukingo ule wa jiwe, kamba ile na wenzake wale kwa sababu tayari alikuwa ameviwekea mzigo mdogo kabla ya kuviwekea mzigo mkubwa. Aliyejaribu anaweza kutulia. Asiyejaribu ana mambo mawili tu ya kuchagua: kuogopa kila kitu au kujidanganya. Thomas angeyaita maovu mawili yanayozunguka tumaini, yaani kukata tamaa upande huu na kujitumainia kupita kiasi upande ule.

Maktabani na Warsaw

Miaka iliyofuata ilikuwa ya karatasi. Ratti alifanya kazi Ambrosiana kwa zaidi ya miaka 20 na kuwa mkuu wake mwaka 1907. Kisha aliitwa Roma, na mwaka 1914 akawa mkuu wa Maktaba ya Vatikani. Kazi ya mtaalamu wa miswada ya kale inafanana na ya mpandaji kuliko tunavyodhani. Hakubali maandishi kwa sababu yanapendeza au yana jina kubwa. Anapima wino, mwandiko, ngozi na tarehe. Anagonga na kusikiliza kama ndani kuna uwazi.

Mwaka 1918 Papa Benedikto XV alimtuma Poland, na mwaka uliofuata akawa balozi wa Papa huko na kuwekwa wakfu kuwa askofu. Agosti 1920 jeshi la Urusi ya Kisovieti lilikaribia Warsaw. Mabalozi wengi waliondoka mjini. Yeye alibaki. Watu walioijua habari ya Monte Rosa hawakupaswa kushangaa, maana alikwisha kujifunza kwamba kuna usiku ambao kukaa mahali pagumu ni salama kuliko kukimbilia gizani. Tena kwa mchungaji, kukaa na watu wake ni wajibu.

Mwaka 1921 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Milano na Kardinali. Hakumaliza mwaka mmoja. Tarehe 6 Februari 1922 alichaguliwa kuwa Papa, akiwa na miaka 64, na hakurudi milimani tena. Lakini mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon, aliyeanzisha nyumba za kuwahifadhi wasafiri kwenye njia kuu za Alpi, kuwa msimamizi wa wakazi wa Alpi na wapanda milima. Katika barua yake hiyo aliusifu mchezo huu, ila kwa sharti lake la siku zote kwamba pasiwepo kujihatarisha ovyo.

Vifaa katika mwamba mbovu

Tukiishia hapo tutakuwa tumeandika sifa tu, na maisha ya Pio XI hayastahili sifa za bure. Upapa wake ulimlazimu kuweka vifaa vya aina nyingine, yaani mikataba.

Tarehe 11 Februari 1929 Makubaliano ya Laterano yalisainiwa kati ya Kiti Kitakatifu na serikali ya Mussolini. Yalimaliza mgogoro wa karibu miaka 60 na kuunda Nchi ya Mji wa Vatikani, ambayo ipo hadi leo. Kwa jicho hilo, kifaa kilishika. Lakini haikupita miaka mitatu serikali ile ile ilivunja vikundi vya vijana vya Utendaji wa Kikatoliki. Papa alijibu kwa waraka mkali mwaka 1931.

Tarehe 20 Julai 1933 ulifuata mkataba na Ujerumani, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka. Lengo lilikuwa kulinda shule, vyama na maisha ya Kanisa. Serikali ya Hitler ilianza kuuvunja mapema. Hapa mfano wa mpanda mwamba unatusaidia kuwa wakweli. Kifaa kinaweza kuwekwa kwa ustadi wote, pembe sahihi, ukubwa sahihi, lakini kama jiwe lenyewe limeoza, ustadi hausaidii. Wanahistoria bado wanabishana kama Papa alikuwa na chaguo jingine. Sisi hatuna uwezo wa kuumaliza ubishi huo, lakini hatuoni sababu ya kuufunika.

Na kwetu Waafrika upo mwaka 1935, ambao hatuwezi kuuruka. Oktoba mwaka huo Italia iliivamia Ethiopia. Agosti, kabla ya uvamizi, Papa alikuwa amesema hadharani kwamba vita ya kuteka nchi ya wengine ingekuwa dhuluma. Vita ilipoanza, maaskofu wengi wa Italia waliishangilia, naye hakuilaani waziwazi kwa maneno ambayo watu wa Ethiopia wangeyasikia. Kamba iliyomfunga na serikali ile ilikuwa inamlinda, na pia ilikuwa inamvuta. Ni habari chungu, nasi tunaisema kwa heshima kwa sababu mtu huyu alitufundisha kupima.

Jambo linalomtofautisha ni alichofanya alipoona kifaa kinateleza. Mpandaji mbaya akiona kipande chake kinasogea hugeuza uso asikione. Pio XI, mzee wa karibu miaka 80 na mgonjwa, alikitazama. Machi 1937 alitoa waraka kwa Kijerumani, si kwa Kilatini kama desturi, ili kila mwamini aelewe. Ulipenyezwa Ujerumani kwa siri, ukachapwa kwa siri, na ukasomwa makanisani Dominika ya Matawi, tarehe 21 Machi. Ulishutumu uvunjaji wa mkataba na ibada ya taifa na damu. Katika siku hizo hizo alitia saini pia waraka mwingine dhidi ya ukomunisti usiomjua Mungu. Mei 1938 Hitler alipotembelea Roma, Papa aliondoka kwenda Castel Gandolfo na makumbusho ya Vatikani yakafungwa. Septemba mwaka huo aliwaambia mahujaji kutoka Ubelgiji kwamba Mkristo hawezi kushiriki chuki dhidi ya Wayahudi, kwa kuwa kiroho sisi ni wa ukoo wa Ibrahimu.

Alifariki tarehe 10 Februari 1939, siku moja kabla ya maadhimisho ya miaka kumi ya Makubaliano ya Laterano, ambapo alikuwa ameandaa kuwahutubia maaskofu wa Italia.

Mzigo aliowawekea watu wetu

Lipo eneo moja ambapo Pio XI aliweka imani yake na mwamba ukashika, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja.

Tarehe 28 Februari 1926 alitoa waraka wa Rerum Ecclesiae kuhusu misheni. Wakati ule wengi, hata ndani ya Kanisa, waliamini kwamba mapadre wazalendo wa Afrika na Asia walifaa kuwa wasaidizi wa wamisionari na si zaidi. Papa aliukataa mtazamo huo. Alitaka seminari zijengwe, malezi yawe kamili, na mapadre wazalendo waandaliwe kuongoza watu wao wenyewe. Alitoa pia sababu ya kivitendo: vita au siasa zikiwafukuza wamisionari, Kanisa litasimama juu ya nani?

Hakuishia kwenye karatasi. Tarehe 28 Oktoba 1926 aliwaweka wakfu kwa mikono yake maaskofu sita Wachina katika Basilika la Mtakatifu Petro. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa Mjapani wa kwanza. Kwa Afrika iliyokuwa chini ya Waingereza alimtuma Arthur Hinsley kama mjumbe wake, aliyekuja kuwa na makao Mombasa. Na miezi michache baada ya kifo chake, tarehe 29 Oktoba 1939, mrithi wake Pio XII alimweka wakfu Yosefu Kiwanuka wa Uganda, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini.

Watu waliopinga walisema tungoje kwanza, hawajawa tayari. Lakini kifaa ambacho hakijawahi kuwekewa mzigo hakuna ajuaye kama kinashika. Kukiacha milele bila kukijaribu ni hofu iliyovaa kanzu ya busara. Pio XI aliona kwamba malezi yalikuwa yamefanyika, mapadre wa kwanza walikuwa wamepimwa kwa miaka mingi ya utume, na sasa wakati wa kusimama juu ya kazi hiyo ulikuwa umefika. Kila seminari kuu ya Afrika Mashariki, pamoja na kila frateri anayesoma makala haya, anasimama juu ya uamuzi huo.

Sisi nasi

Wengi wetu tunaomaliza falsafa tunakaribia kuandika barua kwa askofu kuomba kuendelea na teolojia. Ni barua ya ukurasa mmoja, lakini tunaijua uzito wake. Ndani yake tunasema kwamba tunaamini wito wetu ni wa kweli. Tunawezaje kujua? Nani atatupigia muhuri?

Maisha ya Achille Ratti hayatupi ishara kutoka mbinguni. Yanatupa utaratibu. Tumefuata wazoefu na kuona walivyoweka vifaa vyao? Basi tuwasikilize walezi na baba wa kiroho, ambao wanaona kwa jicho ambalo sisi hatuna. Tumejiwekea mizigo midogo? Sala ya alfajiri wakati hakuna anayetazama, useja katika likizo nyumbani, utii katika kazi ya shamba tusiyoipenda: hizo ndizo siku za kusimama kwenye utepe tukiwa bado karibu na ardhi. Tumegonga jiwe na kusikiliza, au tunaogopa sauti yake? Anayegundua katika mwaka huu kwamba kifaa chake hakishiki hajaaibika, kwa kuwa amekipima mapema, akiwa bado karibu na ardhi.

Na aliyepima kwa uaminifu akaona kimeshika, huyo naye ana wajibu wake. Lazima asogee. Asibaki amekumbatia mwamba mpaka mikono ichoke, akidai uhakika ambao hakuna mpandaji aliyewahi kupewa. Mwamba wenyewe, ambao ni Kristo, haukuwekwa na sisi. Tulichopewa sisi ni kuchagua ufa, kubana kipande chetu kidogo kwa uangalifu, kukivuta mara mbili, na kupitisha kamba. Baada ya hapo ni kupanda, tukiwa tumefungwa pamoja na wenzetu.

Tumwombee Papa Pio XI apumzike kwa amani, na tuombeane sisi kwa sisi katika mwezi huu wa maamuzi. Tumsifu Yesu Kristo.